TAA ZA USIKU NA WATU WASIOONEKANA

Mwaka 2020, Korona ilipowafungia watu majumbani, setilaiti ya Suomi NPP, iliyorushwa na Marekani mwaka 2011, ilipima taa za dunia kutoka kimo cha kilomita 824 hivi. Mjini Wuhan, China, njia kuu zilionekana kufifia. Rwanda, ng'ambo ya mto Kagera, ilisimamisha shughuli mwezi Machi. Tanzania haikuwafungia watu ndani.

Je, ndugu msomaji, penye giza hapana watu? Hasha! Setilaiti hiyo hupita yapata saa saba na nusu usiku, wengi wamelala. Tena koroboi iwakayo chini ya migomba ya Ndama, Karagwe, haiioni. Yapima taa, haihesabu roho. Agawaye msaada kwa picha hiyo tu atawasahau waliomo gizani.