Mkaa Umekolea, Hauna Moshi

Baridi ya Juni hapa Mbeya ikianza, wapo wanaoingiza jiko la mkaa geto, wanafunga dirisha, wanalala. Ukiuliza: "Mkaa umeshakolea, hauna moshi." Kweli hauna, na hapo ndipo kwenye hatari.

Pua ni mlinzi mzuri. Vinyweleo na ute hunasa vumbi, na moshi ukizidi unaweza kukohoa, ukaamka. Lakini mkaa unaowaka kwenye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Pua haiijui.

Ifuate ndani. Kiwambo kinashuka, kifua kinapanuka, hewa inapita trakea hadi kwenye vifuko vidogo vya mapafu, mamilioni kwa mamilioni, vilivyozungukwa na mishipa myembamba ya damu. Hapo himoglobini hupokea oksijeni na kuisambaza mwilini. Kaboni monoksaidi hupita mlango huohuo, ila hushikana na himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ni daladala ya asubuhi: siti zimeshajaa, oksijeni inabaki kituoni. (Mfano huu niliutumia kwenye mazoezi ya kufundisha, kidato cha tatu walicheka, wakaelewa.) Kifua kinapanda na kushuka kama kawaida, huku ubongo unakosa oksijeni.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, ambazo sisi huziita malaria. Aliyelala anaweza asizisikie kabisa. Ukimkuta mwenzako hivyo, mtoe nje kwanza, kisha hospitali. Kwetu jiko linabaki barazani. Blanketi la pili tumelichangia.