NANI AJUAYE YALIYOMO MOYONI?



Mwenzako akipita bila kukusalimia, upesi husema: "Huyu ana kiburi." Umejuaje? Ulichokiona ni mtu kupita kimya. Kiburi hukukiona, umekiongeza wewe. Huenda hakukuona, au ana mgonjwa nyumbani.

1. Moyo wa mwenzako

Usama bin Zayd (R.A.) alimuua mtu vitani baada ya mtu huyo kutamka shahada. Mbele ya Mtume (S.A.W.) akajitetea kwamba yule aliitamka kwa kuogopa silaha. Mtume akamkemea, akamuuliza kama aliupasua moyo wake hata akajua. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim. Tazameni: dhana ya Usama ilikuwa na sababu, kwani aliye chini ya upanga huogopa. Hata hivyo, dhana yenye sababu bado ni dhana, na damu haimwagwi kwa dhana.

Je, basi hatuwezi kumjua mtu hata kidogo? La. Umar (R.A.) aliwaambia watu kuwa wahyi umekatika, hivyo atawachukulia kwa matendo yao ya dhahiri, na siri zao hesabu yake iko kwa Allah. Aliyeiba ameiba, tutasema hivyo. Nia yake tumwachie Mola wake.

2. Moyo wako

Ibn Sina (aliyefariki mwaka 1037) alitoa mfano wa mtu aliyeumbwa akielea hewani, haoni, hasikii, wala viungo vyake havigusani. Alisema mtu huyo angejua kuwa yupo. Basi nafsi hujijua bila dalili ya nje.

Lakini kujua kuwa upo si kujua kwa nini unatenda. Al-Muhasibi wa Baghdad (aliyefariki mwaka 857), aliyepata jina hilo kwa kuihesabu nafsi yake, aliandika sana juu ya riya. Mtu hurefusha sala akidhani ni ikhlasi, kumbe anatazamwa. Jiulize: ningekuwa peke yangu, ningesali hivi hivi?

Mafunzo

Sisi hufanya kinyume: wa mwenzetu tunauhukumu, wetu tunausamehe. Tumtafutie mwenzetu udhuru, na nafsi zetu tuzihoji.

Maswali

1. Soma Surat Al-Hujurat, aya ya 12. Imekataza mambo gani matatu?
2. Taja jambo moja ulilomdhania mwenzako wiki hii. Uliona nini hasa?

Wabillahi tawfiq.