Somo la Wiki: Kabla ya Kula Bata



Ukimsikia kijana wa Dar es Salaam anasema "wikiendi hii tunakula bata", usidhani kuna ndege chunguni. Maana yake ni kustarehe. Somo la leo linahusu bata wa kweli, yule wa mwituni, na mtu anayetaka kujifunza kumwinda. Baridi ikiingia hapa Qatar, bata hushuka kutoka kaskazini, na huenda rafiki yako wa shuleni anakwambia kwamba baba yake atampeleka kuwinda. Ni vizuri uyajue mambo yenyewe, na uweze kuyasema kwa Kiswahili.

Maneno ya kujua

- *Winda*: kumfuata mnyama au ndege ili kumpata. Anayewinda ni *mwindaji*, kazi yake ni *uwindaji*, anachopata ni *mawindo*.
- *Maficho*: mahali pa kujificha.
- *Bata wa bandia*: sanamu ya bata inayoelea majini ili kuwavuta bata wa kweli.
- *Marisau*: vidonge vidogo vinavyotoka kwa pamoja katika bunduki ya kuwindia ndege.
- *Kozi*: ndege mwindaji mwenye kasi. Waarabu humwita *saqr*.

Sarufi kidogo

Neno *bata* halibadiliki katika wingi, lakini bata ana uhai, kwa hiyo tunasema "bata huyu anaruka" na "bata hawa wanaruka". Sasa linganisha sentensi hizi mbili: "Ndege *wametua* bwawani." "Ndege *zimetua* Uwanja wa Hamad." Wa kwanza wana manyoya, za pili zina abiria. Kiambishi kimoja tu kimebadilisha maana yote.

Hatua ya 1: Jua sheria

Mwindaji mzuri huanza na karatasi kabla ya bunduki. Qatar ina Sheria Na. 4 ya mwaka 2002 inayosimamia uwindaji. Kila mwaka Wizara ya Mazingira na Mabadiliko ya Tabianchi hutangaza msimu unaanza lini, unaisha lini, na ndege gani wanaruhusiwa. Vyombo vya umeme vinavyoiga sauti za ndege ili kuwavuta vimekatazwa, kwa sababu huwakusanya ndege wengi mno kwa mara moja.

Kwetu sheria hazifanani. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama mwaka 1977. Tanzania inauruhusu kwa leseni, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kwa hiyo ukienda likizo, usiseme "lakini Doha wanaruhusu".

Hatua ya 2: Mtambue ndege

Bata si mmoja. Yuko mwenye mdomo mpana kama kijiko, anayechuja chakula majini. Yuko mwenye mkia mrefu uliochongoka. Yuko mdogo mwenye mstari mweupe juu ya jicho. Huyu huzaliwa Ulaya na Asia, na wengi wao huvuka hadi Afrika Mashariki. Pengine aliyepumzika Qatar mwezi wa Septemba utamkuta Ziwa Naivasha mwezi wa Desemba. Yuko pia bata wa rangi ya kahawia ambaye dume lake lina jicho jeupe. Idadi yake duniani imepungua, na hatakiwi kuguswa.

Marisau yakishatoka hayarudi. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ni hii: usipomjua ndege ni nani, usipige.

Hatua ya 3: Jifiche na usome upepo

Bata ana macho pembeni mwa kichwa, na huona karibu pande zote. Ukisogeza mkono, amekuona. Mwindaji huingia mafichoni kabla ya alfajiri, katikati ya matete, akiwa na nguo za rangi ya majani makavu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Bata hutua akiuelekea upepo, kwa sababu upepo wa mbele humsaidia kupunguza mwendo. Kwa hiyo mwindaji huupa upepo mgongo, na bata wanaokuja kutua humjia kwa mbele.

Hatua ya 4: Umbali na marisau

Marisau hutawanyika hewani. Bata akiwa mbali zaidi ya mita 35 au 40, mara nyingi hujeruhiwa tu, akaenda kufa polepole matetani. Mwenye subira humwacha apite.

Zamani marisau yote yalikuwa ya risasi, yaani ile metali nzito iliyoipa jina risasi ya bunduki. Risasi ni sumu. Vidonge vilivyoanguka bwawani humezwa na bata wakidhani ni mbegu au changarawe, nao hufa. Marekani ilikataza marisau ya risasi katika uwindaji wa bata nchi nzima mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya ukayakataza kwenye maeneo oevu mwaka 2023. Badala yake hutumika marisau ya chuma.

Bunduki si kitu cha mtoto. Hata mtu mzima huhitaji kibali na mafunzo.

Mwindaji asiye na bunduki

Hapa Ghuba, uwindaji unaoheshimiwa zaidi ni wa kozi. Mwaka 2010 UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa binadamu, na Qatar ilikuwa miongoni mwa nchi zilizouwasilisha. Kozi akishuka kutoka juu hupita kilomita 300 kwa saa. Wazazi wanaweza kuwapeleka watoto Souq Waqif, penye soko la kozi na hospitali yao.

Wahenga wa pwani walimjua ndege huyu. Walisema: "Kozi mwandada, kulala na njaa kupenda." Maana yake, aliye hodari akikosa, ni kwa kutotaka mwenyewe. Kwa Waislamu, mawindo ya ndege aliyefunzwa ni halali akiachiwa kwa jina la Mwenyezi Mungu. Yametajwa katika Sura Al-Maida.

Sumu si uwindaji

Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, watu wamekuwa wakitega bata kwa punje za mpunga zilizotiwa dawa ya kuulia wadudu. Ndege huanguka wengi, huuzwa, na nyama hiyo huliwa na watu. Anayefanya hivyo anatafuta pesa ya siku hiyo, na huenda nyumbani kwake kuna njaa. Lakini sumu haichagui: humwua bata, korongo, na mbwa anayeokota mzoga, na humdhuru mtoto atakayekula nyama. Zungumzeni nyumbani: mtu mwenye njaa angesaidiwaje aache njia hii?

Anza hivi

Anayeanza huanza na darubini. Barabara ya Salwa, kusini-magharibi mwa Doha, itakufikisha kwenye bwawa la Al Karaana. Nenda mapema na mzazi, kaa kimya, upepo uwe mgongoni, uhesabu bata. Ukiweza kuwataja aina tatu bila kitabu, umeshapita mtihani wa kwanza wa mwindaji yeyote.

Maswali

1. Kwa nini mwindaji huupa upepo mgongo?
2. Neno *risasi* lina maana gani mbili?
3. Sahihisha: "Bata zimeruka, mwindaji hajaziona."
4. Muulize bibi, babu au mzazi: kwao ndege walitegwa vipi? Andika sentensi tano, uzilete Jumamosi ijayo.