Ushauri: Mwenyekiti wetu ndiye mwandishi, ndiye mwongozaji, ndiye mhusika mkuu

*Shikamoo Mwalimu,*

*Mimi ni msichana wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya kutwa, Ilemela, Mwanza. Ni katibu wa kikundi cha maigizo tulichokianzisha wenyewe wanafunzi. Tunajiandaa kuonyesha igizo siku ya mahafali ya kidato cha nne, lakini kikundi kinayumba. Mwenyekiti ndiye aliyeliandika igizo, ndiye anayeliongoza na ndiye mhusika mkuu. Nafasi nyingine amewapa rafiki zake. Tulichanga pesa za mavazi na hakuna anayejua zimebaki ngapi. Mazoezi yanachelewa kwisha, na baba ameniambia nikirudi tena gizani basi niache. Mwalimu mlezi naye anasema yakitushinda atalichukua igizo alisimamie mwenyewe. Mwenyekiti ana kipaji kweli, sitaki aondoke. Nijiuzulu, au kuna namna ya kuyapanga mambo haya?*

*Katibu, Ilemela*

Marahaba mwanangu,

Usijiuzulu. Vipaji mnavyo. Tatizo lenu ni kazi nyingi kurundikwa kwa mtu mmoja. Hata mkimwondoa mwenyekiti huyu mkamweka mwingine bila kubadili mpango, muhula ujao utaniandikia barua hiihii.

La kwanza, na ndilo kubwa: tenganisheni uongozi wa kikundi na uongozi wa igizo. Uongozi wa kikundi ni mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Hawa wanachaguliwa kwa mwaka, na kazi yao ni kuitisha vikao, kuomba ruhusa na ukumbi, kutunza pesa na daftari la mahudhurio. Uongozi wa igizo ni mwongozaji na msaidizi wake, msimamizi wa jukwaa, mtu wa mavazi na mtu wa vifaa. Hawa wanateuliwa kwa igizo moja tu. Likishaonyeshwa, kazi yao imekwisha. Wakati wa mazoezi neno la mwongozaji ndilo la mwisho, na mwenyekiti akiwa mwigizaji atamtii kama wenzake. Nje ya mazoezi mwongozaji hagusi pesa wala hamfukuzi mtu. Yaandikeni haya kwenye ukurasa mmoja, yasomwe mbele ya wote, kila mmoja atie saini.

Mwenyekiti wenu ameshaliandika igizo, na hiyo ni kazi kubwa ya kushukuriwa. Sasa achague moja: aongoze au awe mhusika mkuu. Mwongozaji anapaswa kukaa watakapokaa wazazi, nyuma kabisa, asikie kama sauti inamfikia na aone kama waigizaji wanazibana njia. Aliye jukwaani hawezi kuyaona hayo.

Kama wenzako hawaamini kwamba kipaji cha mtu mmoja hakitoshi, waambie wafike Bujora, pale Kisesa, wakati wa sikukuu ya ngoma ya Bulabo mwezi Juni. Wacheza ngoma wa Kisukuma wamegawanyika tangu karne ya 19 katika vyama viwili vinavyoshindana, Bagika na Bagalu. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na inayovuta watazamaji wengi ndiyo inayoshinda. Ningi, kiongozi wa nyimbo, hata awe hodari vipi, bila wapiga ngoma na wachezaji walioiva pamoja naye, watu watahamia upande wa pili. Nanyi jipimeni hivyohivyo. Wiki moja kabla ya mahafali, waonyesheni igizo kidato cha kwanza. Sehemu watakapoanza kupiga soga, hapo ndipo pa kurekebisha.

Kuhusu nafasi: igizo lijalo fanyeni majaribio ya wazi. Bandikeni tangazo kwenye ubao mapema, wanaotaka nafasi moja wasome kipande kilekile, na wachaguzi wawe watatu: mwongozaji, msaidizi wake na mwanachama mmoja asiyegombea nafasi yoyote. Kwa igizo la sasa, msiwanyang'anye nafasi waliokwisha kariri maneno yao; mtaliharibu. Fanyeni majaribio ya waigizaji wa akiba, ili kila mhusika mkuu awe na mwenzake anayejua maneno hayohayo. Malaria na misiba havisubiri mahafali. Waliokosa nafasi jukwaani wapewe kazi yenye jina na wajibu: kushika andiko na kuwakumbusha waigizaji, kutunza vifaa, kusimamia mavazi.

Pesa: mali bila daftari hupotea bila habari. Mchagueni mweka hazina asiye mwongozaji wala rafiki wa karibu wa mwenyekiti. Kila kinachonunuliwa kiwe na risiti, kila kinachotoka kitiwe saini na mweka hazina pamoja na mlezi, na salio libandikwe kila Ijumaa. Kuhusu michango iliyopita, mwombeni mwenyekiti alete hesabu kikaoni bila kumtuhumu. Huenda alinunua vitu na hakuandika. Kisha akabidhi daftari na kilichobaki. Pia punguzeni gharama: vitenge, kanga na makoti ya mitumba mnavyo majumbani. Azimeni, na andikeni jina la mwenye nguo ili irudi kwake.

Baba yako ana haki, msishindane naye. Tatizo ni kuwaita waigizaji wote kila siku. Gawanyeni igizo katika maonyesho, na siku ya onyesho la pili waje wa onyesho la pili tu. Wekeni saa ya kumaliza inayomruhusu anayeishi mbali kuliko wote kushuka kwenye daladala kungali na mwanga, na saa hiyo iheshimiwe hata kama onyesho halijakamilika. Ratiba ipelekwe kwa wazazi ikiwa na saini ya mlezi.

Sasa mlezi. Mwalimu anayetishia kulichukua igizo mara nyingi ni yule anayepata habari za kikundi kwa kuchelewa. Mpelekeeni andiko alisome mapema, na ratiba kabla ya wiki kuanza. Mweleze pia habari za Tuseme, mpango ulioanza mwaka 1996, ukiongozwa na Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika mpango huo wasichana wa sekondari walitaja wenyewe yanayowakwamisha shuleni, wakachambua chanzo chake, wakatunga igizo, wakalionyesha mbele ya wanafunzi na walimu, kisha watazamaji wakajadili. Watu wazima walitoa mafunzo na kufungua nafasi. Hoja zilitoka kwa wasichana. Mpango huo ulifaulu hata FAWE, jukwaa la wanawake waelimishaji wa Afrika, likaupeleka katika nchi nyingine za bara hili. Hapo ndipo mpaka wa mlezi: ashike ruhusa, usalama, wazazi na saini ya pesa. Kuongoza na kugawa nafasi awaachie ninyi. Na kama anataka kuwasaidia kweli, aombe Chuo cha Ualimu Butimba, kinachojulikana kwa kuandaa walimu wa sanaa, mtu aje aangalie mazoezi yenu hata siku moja.

La mwisho ni urithi. Kidato cha nne wana mtihani wa taifa Novemba, na wakiondoka na ujuzi wao mtaanza upya kila Januari. Kila cheo kiwe na msaidizi wa kidato cha kwanza au cha pili, na makabidhiano yafanyike mara baada ya mahafali. Hao wadogo waanze na tamthiliya zinazosomwa darasani, kama *Kilio Chetu* au *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe*. Wakikomaa, wajaribu *Ngoma ya Ng'wanamalundi* ya Emmanuel Mbogo, ya mwaka 1988, inayotokana na simulizi za gwiji wa Usukuma.

Kabla ya kikao, zungumza na mwenyekiti mkiwa wawili tu. Mwambie unachoniambia mimi: ana kipaji na hutaki aondoke. Msomee barua hii. Kisha itisha kikao Ijumaa hii, mlezi akiwepo, na ajenda iwe moja: nani anafanya nini. Usiruhusu mazoezi mengine yafanyike kabla swali hilo halijajibiwa kwa maandishi.