Kuchagua Chubwi Lisilo la Risasi

Mshipi wa kuvulia una vitu vinne: uzi, ndoana, chambo na chubwi. Wavuvi hubishana sana juu ya chambo na ndoana, bali chubwi hawalijali. Likiwa zito na likizama, basi yatosha. Katika makala hii nataka kueleza kwamba chubwi nalo lafaa kuchaguliwa kwa akili, hasa kwetu sisi wa Mtunda na wa delta ya Rufiji, ambako hata mtoto mdogo aweza kuwa na mshipi wake.

Machubwi mengi hufanywa kwa risasi, na sababu zake ni za kweli. Sentimeta moja ya ujazo ya risasi ina uzito wa gramu 11.3, na ya chuma gramu 7.8. Tena risasi huyeyuka katika joto la digrii 327 tu, hata mtu aweza kuiyeyusha katika kopo juu ya mkaa. Ni laini pia. Wengine huibana kwenye uzi kwa meno.

Lakini humo humo ndimo ilimo hatari. Risasi ni sumu. Iyeyushwapo hutoa moshi na vumbi, navyo huingia kifuani na kutua juu ya vyombo na chakula. Sumu hiyo hudhuru damu, figo na ubongo. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara, na kwamba mwili wa mtoto mdogo waweza kunyonya risasi mara 4 au 5 kuliko wa mtu mzima. Basi mvuvi ayeyushapo risasi jikoni, anayeumia zaidi ni yule mdogo aliyekaa karibu na moto. Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliyajua hayo kwa uchungu: kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu sumu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia.

Viumbe wengine nao hupata taabu. Ndege wengi humeza vijiwe ili firigisi isage chakula, kama kuku wetu wafanyavyo. Huko Uingereza mabata maji walimeza vipande vya risasi vilivyopotea mitoni wakafa; kwa hiyo tangu mwaka 1987 ilikatazwa kuuza machubwi madogo ya risasi, yaani yasiyozidi gramu 28.35. Delta yetu nayo ina ndege wa maji wengi.

Sasa tutumie nini badala yake? Hapa somo la Fizikia latusaidia. Archimedes alitufundisha kwamba kitu kilichozama hupungukiwa na uzito sawa na uzito wa maji kiliyoyasukuma. Nimefanya hesabu. Risasi ya gramu 100 hubaki na nguvu ya gramu 91 majini. Ili kupata nguvu hiyo hiyo, yatakiwa chuma cha gramu 105, au jiwe gumu la gramu 150, au udongo wa kuchoma wa gramu 180 hivi. Twaona kwamba chuma hakipitwi sana na risasi. Jiwe lafaa pia, ila ni kubwa kwa umbo, na maji yaendayo kasi hulisukuma.

Kwa hiyo nashauri hivi. Katika maji yaliyotulia, kama ya maziwa ya bonde la Rufiji, mathalani Ruwe na Utunge, jiwe latosha kabisa. Chagua jiwe bapa, kwa maana la mviringo hubingirika. Litie katika kipande cha wavu mkuukuu ulifunge. Mtoni, na katika vijito vya delta wakati wa maji kupwa na kujaa, tumia nati kuukuu za gereji. Lakini kwanza piga tupa kingo za tundu lake, zisije zikakata uzi.

Penye mizizi ya mikoko, funga chubwi kwa uzi dhaifu kuliko mshipi wenyewe. Likinasa, uzi ule mdogo hukatika, nawe hupotewi na samaki wala ndoana. Jiwe likibaki chini halimdhuru mtu.

Limebaki jambo la uzi ulio karibu na ndoana. Wako wavuvi wa Ulaya watumiao uzi uliofumwa wenye risasi katikati, ili ulale chini usionekane na samaki. Sisi hatuna haja nao. Chukua nailoni ya kawaida, kiasi cha mkono mmoja, uisugue kwa udongo wa mfinyanzi. Mafuta na mng'aro hutoka, nayo huzama upesi.

Wazazi wetu, kama mnayo machubwi ya risasi nyumbani, msiyayeyushe tena, wala msiwape watoto wayachezee. Yawekeni mbali na chakula, na kila aliyeyashika anawe kwa sabuni kabla ya kula. Nasi wanafunzi tusiyabane kwa meno. Kambare na perege hawaulizi chubwi limefanywa kwa kitu gani. Wao hutazama chambo tu.