Kabla ya Kuruhusiana Michepuko: Hatua Sita kwa Wanandoa

Michepuko haikuja na simu za mkononi. Harold Schneider, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti kwa Wanyaturu wa Singida miaka ya 1959 na 1960, aliandika habari za mbuya, mapenzi ya nje ya ndoa ambayo kila mtu alijua yapo lakini yalipaswa kufichwa. Mume aliyefumania alidai fidia ya mifugo. Wanaotaka ndoa ya wazi leo wanatafuta jambo jingine: wote wawili wajue, wote wawili wakubali. Kama mnaishi Mwankoko, hukohuko Singida, mmekaa pamoja miaka mingi na wazo hilo limebisha hodi, pitieni hatua hizi kabla hamjalifungulia.

1. Tazameni ndoa yenu ni ya aina gani. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ndoa ya Kiislamu au ya kimila huchukuliwa kuwa ya wake wengi au inayoweza kuwa hivyo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nyingine zote huchukuliwa kuwa za mke mmoja. Msio na cheti, mkishaishi miaka 2 na mkajulikana kama mume na mke, sheria huwadhania kuwa mmeoana. Kama ndoa yenu inaruhusu wake wengi na shabaha ya mume ni kuoa, hiyo ni njia nyingine: kuna taarifa ya siku 21, na mke aliyepo ana haki ya kupinga kwa hoja kwamba kipato cha mume hakitoshi. Mke hana aina yoyote ya ndoa inayompa mume wa pili.

2. Mwenye wazo aseme sababu yake. Aseme akiwa hana hasira wala pombe kichwani, na asiwe ameshampata mtu tayari. Kisha mwenzake aulize maswali ya nyumbani kabisa:

"Baba Neema, ukirudi saa nane usiku, na mimi nikirudi saa nane usiku, mtoto akilia ataamka nani?"

"Mimi sikuwa nimefikiria wewe utatoka."

Hapo mazungumzo yamekwisha. Ruhusa ya upande mmoja si makubaliano. Na kama mnagombana kila wiki, mtu wa tatu hatawapatanisha.

3. Pimeni uzito wa neno "nimekubali". Kifungu cha 72 cha Sheria ya Ndoa kinampa mume au mke haki ya kumdai fidia mtu aliyezini na mwenzi wake. Lakini ikionekana mdai aliridhia ugoni huo, kesi hutupwa. Karatasi mliyoandikiana, hata ujumbe wa simu, inaweza kuwa ushahidi wa kuridhia huko. Na huyo mliyemkaribisha, kama ana mume au mke asiyejua lolote, wewe ndiye unayeweza kudaiwa. Hili ndilo jambo ambalo wengi hulisahau: ninyi mmekubaliana, mwenzi wa huyo mtu hajakubali.

4. Nendeni mkapime pamoja. Pimeni VVU, kaswende na homa ya ini B, ambayo ina chanjo. Maambukizi mapya ya VVU yanaweza yasionekane mara moja, hivyo rudieni kipimo baada ya miezi 3. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka anayejua kuwa ana maambukizi amwambie mwenzi wake. Kondomu isiwe jambo la kujadiliwa kila safari. Zungumzeni pia uzazi wa mpango: mtoto atakayezaliwa nje ana haki ya matunzo kama wale wa ndani.

5. Wekeni masharti yanayoeleweka. Mwankoko watu wanajuana. Siri yenu itafika kisimani kabla yenu. Kubalianeni angalau haya:

- Nani hapana: ndugu, jirani, shemeji, dada wa kazi, mume au mke wa mtu. Aliye chini ya miaka 18 hana mjadala. Hilo ni kosa la jinai.
- Wapi hapana: nyumbani kwenu.
- Fedha: za alizeti, vitunguu na ada ya watoto haziguswi. Nyumba ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzako. Hilo limo katika sheria.
- Kusema: mnaambiana nini, na lini. Simu hazipekuliwi.
- Kusitisha: yeyote akisema basi, ni basi siku hiyohiyo, bila kudaiwa maelezo.

Mtu wa tatu naye aelezwe ukweli mapema. Kumwambia mnakaribia kuachana, wakati mnalala kitanda kimoja, ni kumtapeli.

6. Pangeni siku ya kukaa chini. Kila mwisho wa mwezi, ulizaneni: nani analala kwa shida, nani amepunguza hela ya matumizi, watoto wameanza kuuliza nini? Wivu ukija usemwe, usichekwe. Mkishindwana, anzeni kwa wazee mnaowaamini, kisha baraza la usuluhishi la ndoa. Kwa kawaida mahakama haipokei ombi la talaka kabla baraza halijathibitisha kuwa limeshindwa kuwapatanisha.

Dini zenu nazo zina neno lake, na mnalijua. Mkifika mwisho wa hatua hizi na mmoja wenu bado anasita, jibu ni hapana.