Kuaibisha, kusuta au kuumbua? Kitenzi kimoja cha Kiingereza na hukumu iliyojificha katika tafsiri

Mwanafunzi wa Bukavu akikutana na kitenzi cha Kiingereza "pillory", Kifaransa humsaidia upesi, kwa kuwa "clouer au pilori" amekwisha kuisoma. Shida huanza anapotakiwa kuiandika sentensi ileile kwa Kiswahili. Mmoja ataandika kuaibisha, mwingine kuumbua, wa tatu kusuta, wa nne kukashifu, na kila mmoja atapata kamusi ya kumtetea. Makala haya yanaonyesha kwamba vitenzi hivyo si visawe. Baadhi yake hubeba hukumu juu ya mtu anayesemwa: ana kosa, au hana. Mfasiri asiyelipima jambo hilo humhukumu mtu ambaye sentensi ya asili haikumhukumu.

1. Kitenzi chenyewe

"Pillory" ni nomino kwanza. Ilikuwa fremu ya mbao yenye matundu ya kichwa na mikono, iliyosimamishwa mahali penye watu wengi. Aliyehukumiwa alifungwa humo, wapita njia wakamzomea na kumtupia uchafu. Mwandishi Daniel Defoe alisimamishwa hivyo mjini London kwa siku 3, Julai 1703, kwa sababu ya kijitabu cha kejeli kuhusu mambo ya dini. Uingereza iliifuta adhabu hiyo mwaka 1837. Mbao ziliondolewa, kitenzi kikabaki, na leo kinatumika kwa magazeti, redio, mikutano na hata darasani. Tutazame sentensi tatu za kawaida:

(a) "The newspapers pilloried the minister." Magazeti yalimwaibisha waziri hadharani.
(b) "She was pilloried for her accent." Aliaibishwa mbele ya watu kwa sababu ya lafudhi yake.
(c) "Don't pillory a child in front of the class." Usimwaibishe mtoto mbele ya darasa.

Katika (b) mtenda ametoweka, na neno "for" linaleta sababu, si kosa. Lafudhi si kosa. Basi kitenzi hiki kinatuambia watu walimtendea mtu nini. Hakituambii kama alistahili.

2. Vitenzi vya Kiswahili sanifu

Kuaibisha kimeundwa kwa nomino aibu na kiambishi cha kusababisha -ish-. Kumwaibisha mtu ni kumtia aibu, awe na kosa au asiwe nalo. Kufedhehesha kina muundo uleule, ila uzito wake ni mkubwa zaidi.

Kuumbua ni tofauti kabisa. Tunajua jozi kama funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua: kiambishi -u- hugeuza tendo. Kuumba ni kutengeneza umbo; kuumbua ni kulibomoa umbo hilo mbele ya macho ya watu, yaani kufichua kasoro iliyokuwa imefunikwa. Kwa hiyo anayeandika "magazeti yalimuumbua waziri" amekwisha kukiri kwamba kasoro ilikuwapo.

Kusuta kinakwenda mbali zaidi. Huko Zanzibar na Dar es Salaam, kumsuta mtu ni kumkabili kwa ushahidi juu ya maneno aliyoyasema. Wanawake huweza kukusanyika, wakamwendea msengenyaji hadi mlangoni kwake, wakati mwingine kwa nyimbo na ngoma, wakamtaka aseme mbele yao yale aliyoyasema nyuma yao. Kitenzi hicho hakikamiliki pasipo ushahidi. Ndiyo maana twaweza kusema "dhamiri yake inamsuta": dhamiri ni shahidi aliyekuwapo. Sentensi (b) haiwezi kutafsiriwa kwa kusuta, maana hakuna anayesutwa kwa lafudhi.

Kukashifu kinatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kufunua, lakini katika Kiswahili cha leo kimeelemea kwenye kuvunjia heshima. Hapa hukumu inamwangukia msemaji zaidi kuliko msemwa.

3. Kiswahili cha Bukavu

Katika soko la Nyawera vitenzi hivyo havisikiki sana. Mteja aliyedaiwa deni kwa sauti kubwa atalalamika: "Alinipatisha haya mbele ya batu." Msikilizaji wa Pwani atashangaa, kwa kuwa kwake haya ni sifa njema, na kumwambia mtu hana haya ni tusi. Kwetu neno hilo hubeba pia fedheha yenyewe.

Muundo huu una faida kubwa. Linganisha "alipata haya" na "walimpatisha haya". Katika sentensi ya kwanza haya ni kitu alichokipata mtu mwenyewe, kana kwamba alikiokota njiani. Katika ya pili, kiambishi kilekile -ish- kinamrudisha mtenda kwenye sentensi. Hapa Kivu ya Kusini, ambako wanawake wengi waliobakwa vitani walirudi nyumbani wakakutana na masengenyo, tofauti hiyo si ya sarufi tu. Ripoti inayosema "alipata haya" imewaficha waliomcheka.

4. Mfano wa sheria

Kifungu cha 74 cha Kanuni ya Adhabu ya Kongo, ya mwaka 1940, kinamwadhibu anayemhusisha mtu, hadharani na kwa nia mbaya, na jambo mahususi linaloweza kuharibu heshima yake au kumtia katika dharau ya watu. Kitenzi cha Kifaransa ni "imputer". Tafsiri inayokuja haraka mdomoni ni kusingizia. Lakini kusingizia ni kusema uongo, na maneno ya kifungu hayataji sharti la uongo. Mkalimani anayetumia kusingizia amebadili sheria: aliyesema kweli kwa nia mbaya atadhani kifungu hakimhusu. "Kumtajia mtu jambo hadharani kwa nia mbaya" ni ndefu, lakini ni salama.

5. Kanuni na zoezi

Kabla ya kuchagua kitenzi, tujiulize: Je, matini ya asili inasema kwamba jambo ni kweli? Je, kuna ushahidi? Nani ametenda, na je, ametajwa? Pasipo jibu la maswali mawili ya kwanza, tutumie kuaibisha hadharani, na mtenda tusimfute pale matini inapomtaja.

Tafsiri kwa Kiswahili, kisha ueleze uchaguzi wako:
(i) "The trader was pilloried for selling rotten fish."
(ii) "They pilloried him on the radio, but he had done nothing."
(iii) "Her neighbours pilloried her for a rumour she never started."

Katika (ii) na (iii), atakayeandika kuumbua au kusuta atakuwa amejiunga na umati.